Taarifa ya Mawimbi ya Jumanne

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri na kabla ya chai, huwa naandika bahari. Ndivyo mama anavyoiita kazi yangu. "Ushaandika bahari?" ataniuliza kutoka chumbani kwake, nami nitamjibu nshaandika, au bado. Siandiki bahari yote, ingawa kwa muda mrefu nilijiona kama naiandika yote. Naandika kipande kimoja tu, rasi moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, ambako mwamba umechomoza majini kama kiwiko. Wimbi likifika pale halivunjiki lote kwa pamoja. Linaanza kujikunja kwenye ncha ya mwamba, kisha linakwenda likivunjika kidogo kidogo kufuata ukingo, mpaka linaishia ndani ya ghuba. Wako wageni wanaovuka nusu ya dunia ili wasimame juu ya ubao na kuteleza na wimbi hilo. Kituo kinachowakodishia mbao ndicho kilichoniajiri.

Mimi mwenyewe siogelei. Nimezaliwa na kukulia Kikwajuni, mjini, na rasini nimefika mara tatu tu, zote kwa gari na zote sikuvua viatu. Kazi yangu ni ya simu. Nafungua kurasa mbili za hali ya hewa, natazama jedwali la maji kujaa na maji kupwa, nasubiri mlinzi wa kituo anipigie kutoka kule aniambie anachokiona kwa macho yake, kisha naandika mistari minne: kimo cha wimbi, muda kati ya wimbi na wimbi, upepo unatoka wapi, maji yanajaa saa ngapi. Mwisho naweka duara la rangi. Kijani, hata anayejifunza aingie. Njano, aingie anayejua. Nyekundu, kaeni nje mnywe kahawa. Taarifa inawakuta wageni bado wamelala, na wakiamka wananitumia alama za vidole gumba.

Sitaficha kwamba sifa zilinipanda kichwani. Mama alikuwa akinitangaza kila mahali, arusini, msibani, hata kwenye foleni ya hospitali: "Huyu mwanangu anaisoma bahari." Watu wasiojua hata rasi yenyewe iko wapi walikuwa wakinipisha kiti. Jirani yetu wa chini alinitania kila akiniona na simu mkononi. "Mwenye bahari, nianike nguo au nisubiri?" Nami nilimjibu kwa uzito wote, kama naulizwa jambo la serikali, anika, mvua haiji mpaka laasiri. Siku mbili tatu nguo zake zililoa chapachapa na bado hakuacha kuniuliza.

Kichekesho ni kwamba mama ndiye mtu wa bahari katika nyumba yetu. Amezaliwa Tumbatu, kisiwa kilicho mbele ya Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, kwa watu ambao mtoto anajua kupanda boti kabla hajajua kuvaa viatu. Aliletwa mjini na ndoa. Mpaka leo anahesabu siku za mwezi kwa pingili za vidole, na kwa hesabu hiyo anajua lini ni bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na lini ni maji mafu, yanapokuwa mapole na mkondo hauna nguvu. Nilipoanza kazi nilikuwa namuuliza yeye ili nihakikishe jedwali langu. Baadaye nikaacha. Akaanza yeye kuniuliza mimi, na sote wawili tuliona hayo ndiyo maendeleo.

Mama alikuwa na dada mmoja, aliyemtangulia kuzaliwa, mama yangu mkubwa, ambaye hakuhama Tumbatu. Nilipoolewa, mama mkubwa alijua bila ya kuambiwa kwamba yeye ndiye atakayekuwa kungwi wangu, wa kunifunda na kunipeleka kwa mume. Ilikuwa haki yake. Alikuwa ameshasuka na mkeka wa ukindu, mwekundu na kijani, wa kunikalisha juu yake siku ya kufundwa. Mama akamchukua mwanamke wa mjini, mwenye jina lake katika shughuli hizo, kwa kuogopa wakwe zangu wasije wakasema bibi arusi kafundwa kishamba. Mama mkubwa alikuja arusini, akala, akaondoka na mkeka wake ameukunja kwapani. "Kumbe mie ni wa ng'ambo, sijui mambo," alimwambia mdogo wake mlangoni, na hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyosemezana uso kwa uso.

Ndoa yangu haikumaliza miaka minne. Ugomvi wao uliishi zaidi ya ndoa. Salamu walipelekeana, na kila Ramadhani sukari ilivuka kwenda na dagaa wakavuka kuja, lakini hakuna aliyekanyaga nyumba ya mwenzake. Mimi nilikuwa sababu na sikufanya lolote. Nilijiambia ni mambo ya wazee, watayamaliza wenyewe.

Ilikuwa katikati ya msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, siku ya Jumatatu baada ya laasiri, dada yangu wa kule, binti wa mama mkubwa, alipopiga simu. Mama yake hali yake si nzuri. Hospitali wamemrudisha nyumbani, chakula hali tena, na kusema anasema kwa tabu. Neno lake lilikuwa moja: mwambieni mdogo wangu aje tuhalalishane.

Mama alilia hapohapo, amesimama, na kitambaa cha kupangusia meza mkononi. Nikamwambia azungumze naye kwenye simu, wasameheane sasa hivi, kisha tupange safari taratibu. Alinitazama kama niliyemwambia akatie udhu kwenye simu. "Radhi ya dada yangu nnaitaka mkononi mwake," alisema. "Na masikio yake yale hayasikii simu." Akaenda kutoa buibui lake la safari, akalinyoosha kwa viganja juu ya kiti.

Jumanne alfajiri nilifungua kurasa zangu kama kawaida. Rasini kulikuwa kubaya. Kusi lilikuwa limevuma siku tatu mfululizo, wimbi limepita kimo cha mtu, na mlinzi aliponipigia nilisikia bahari nyuma ya sauti yake. "Leo hapa hapaingiliki," alisema. Nikaandika mistari minne, nikaweka duara jekundu, nikaongeza na mstari wa tano, ambao huwa siuandiki, wa kuwakataza watu hata kusogelea ukingo wa mwamba. Niliuona ni mstari mzuri. Nakumbuka niliusoma mara mbili kwa kuupenda.

Nilipotoka ukumbini mama alikuwa ameshavaa. Amekaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba ameweka doti ya kanga na udi kidogo.

"Ushaandika bahari?"

"Nshaandika. Nyekundu, mama. Leo hatwendi."

"Nyekundu wapi?"

"Baharini, mama. Wapi tena?"

Akafungua kiganja chake, akapitisha kidole gumba kwenye pingili. "Lakini leo mwezi una siku tisa," alisema. "Maji mafu. Na kusi kule kwetu halipigi, linazuiwa na Unguja yote hii."

Hapo nikakasirika. Nataka niliseme lilivyokuwa. Sikukasirika kwa kumhofia, nilikasirika kwa sababu nimeulizwa mara mbili. "Mama, mie hii ndo kazi yangu. Watu wazima wenye nguvu zao nnawazuia kuingia majini, wewe na magoti yako hayo nikupakie boti? Alhamisi upepo unapungua. N'takupeleka Alhamisi."

Alikifunga kiganja chake. Kisha akasema, "Haya. Wewe ndo unayejua." Akalivua buibui, akalitundika nyuma ya mlango, akaenda jikoni kubandika maji ya chai.

Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Mtoto wa darasa la tano akipewa ramani ataliona kosa langu. Rasi yangu inatazama mashariki, na kusi linaipiga usoni. Mkokotoni iko upande wa pili, kaskazini magharibi, na kati yake na upepo ule kimelala kisiwa kizima na minazi yake na nyumba zake na sisi tuliomo. Mama alinieleza hivyo hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Mimi nilikuwa sijaufungua ukurasa wa Mkokotoni hata mara moja tangu niajiriwe. Ningeufungua asubuhi ile, ningemaliza kuusoma kabla maji ya chai hayajachemka. Sikuufungua kwa sababu kwangu mimi bahari ilishakuwa moja, ile yangu, na ilishapata rangi.

Na yeye, aliyeijua ile ya kweli, akaniamini mimi. Alikuwa ameshawaambia watu wengi mno kwamba mwanawe anaisoma bahari.

Jumatano alfajiri simu iliita kabla ya ile ya mlinzi. Mama mkubwa alikuwa ameshatangulia. Maziko ni baada ya adhuhuri.

Tulikodi gari. Mama alikaa pembeni yangu na tasbihi, macho yake dirishani. Njiani mlinzi akapiga, akasema leo ni zaidi ya jana, maji yanarukia mpaka kwenye ngazi za kituo. Nikaandika taarifa humo humo garini, nyekundu tena, nikaituma. Ilikuwa mara ya kwanza mama hakuniuliza kama nshaandika bahari.

Mkokotoni soko lilikuwa limeshachangamka. Tukateremka mpaka dikoni, boti zinapofikia. Maji yalikuwa yametulia kama maji ya karai. Boti zilikuwa zinakwenda na kurudi, wanawake wamekaa ndani na vikapu vyao, mmoja ananyonyesha. Upepo ulikuwapo, unatoka nchi kavu nyuma yetu, unapeperusha ncha za mitandio, basi. Nilisimama pale na simu mkononi, na katika simu ile kulikuwa na duara jekundu nililolituma nusu saa iliyopita.

Tulivuka. Mama alishusha mkono ubavuni mwa boti, akaviacha vidole vyake vikapita majini. Aliutoa mkono tulipokaribia kufika, akaupangusa kwa ncha ya kanga. Hakuniangalia. Laiti angenitukana, ningejua pa kushika.

Aliwahi kumwona dada yake uso, sanda haijafungwa juu. Mkono haukuwa wa kushikwa tena, ulikuwa umeshalazwa ndani. Mama alipiga magoti na magoti yake yale mabovu, akanong'ona kwa Kitumbatu maneno ambayo sikuyasikia, na nilijua ni yale aliyoyabeba tangu Jumatatu. Kisha wakaja wanaume wakamchukua.

Wanawake tulibaki ndani, tumekaa chini, kahawa inapita. Bibi mmoja aliyekuwa karibu na mama, rika lake, alimuuliza bila ya ubaya wowote: "Jana mbona hukuja? Tulikuwa tunakutazamia."

"Bahari ilichafuka," mama akasema.

Ukumbi ulijaa wake wa wavuvi. Waume zao walikuwa baharini siku hiyo ya Jumanne kutwa nzima. Baadhi yao wenyewe walivuka kwenda sokoni na kurudi na mboga, na mbele yao, katika nyumba ile, mwanamke mzaliwa wa kisiwa chao amesema bahari ilichafuka. Hakuna aliyemkatalia. Aliyeuliza akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Ndo bahari hiyo, mwenzangu." Mwengine akamsogezea kikombe. Wala hakuna aliyenitazama mimi, na kwa hilo nikajua wote wamefahamu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, hata siku nilipopewa talaka yangu mbele ya watu.

Nikatoka kwenda uani. Dada yangu alikuwa pale anaosha vikombe. Akaacha kuosha, akanieleza jambo, na kabla ya kunieleza akasema, "Sikwambii ili nikutie uchungu. Nnakwambia kwa kuwa yeye siwezi kumwambia."

Jumanne asubuhi mama yake aliomba atolewe nje. Wakambeba, wakamlaza barazani, mahali ambapo diko la kwao linaonekana. Akaomba aoshwe mikono na ifukizwe udi. Kila boti iliyokuja aliuliza, "Yumo?" Dada yangu alikwenda kutazama, akarudi, akamwambia bado. Ikawa hivyo mpaka adhuhuri, ikawa hivyo mpaka laasiri. Mwishowe mama mkubwa akayatazama maji kwa muda, akasema, "Maji yametulia hivi na hakuja. Basi hataki." Akaomba arudishwe ndani. Akageukia ukutani, na baada ya hapo hakusema neno.

"Mie ndo niliyemzuia," nikamwambia dada yangu.

"Kwa nini?"

Nikafungua simu, nikamwonyesha taarifa ya Jumanne. Alijipangusa mikono, akaishika, akaisoma yote mpaka ule mstari wa tano nilioupenda. "Lakini hii bahari ya huko," alisema. Akanirudishia simu na kuendelea na vikombe.

Tulipokuwa tunaondoka alinipa ule mkeka. Ulikuwa umehifadhiwa miaka yote juu ya kabati, haujakaliwa na mtu. Niliubeba kwapani mpaka kwenye boti kama alivyoubeba mwenyewe siku ya arusi yangu, na sasa umetandikwa ukumbini kwetu Kikwajuni. Mama anaswalia juu yake.

Kazi sikuacha. Watu wanadhani mtu akipatwa na jambo kama lile huacha kila kitu. Mimi naamka, naandika rasi, naweka rangi. Tofauti ni moja, kwamba siku hizi kabla ya rasi naufungua kwanza ukurasa wa Mkokotoni, nausoma kipengele kwa kipengele, na simtumii mtu yeyote. Nguo za jirani nimeacha kuzitolea hukumu. Namwambia atazame mbingu mwenyewe.

Na nilikuwa nadaiwa radhi. Nilimkosesha mama yangu jambo ambalo halina siku ya pili, na yeye akanifunika kwa maneno mawili mbele ya watu wa kwao, akajivunjia heshima yake ya ujuzi wa bahari ili mimi nisivunjiwe yangu. Kila nilipotaka kumwomba nilipata kazi ya kufanya. Arubaini ikasomwa, ikapita. Wiki moja baadaye nikajikaza. Nilimkuta baada ya sala ya laasiri amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, sinia la mchele mapajani, anachagua chuya.

"Mama, nna neno," nikasema, nikakaa mbele yake.

"Hata mie nna neno," akasema. "Wacha nianze mie, nisije nikalisahau. Siku ile uani, dada yako alikwambia nini? Maana nliwaona mmesimama. Dada yangu alisema nini mwisho?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa yote isipokuwa hilo. Nilitazama mikono yake ndani ya mchele.

"Alisema anajua," nikasema. "Alisema anajua hukuweza kuja, bahari ilichafuka."

Vidole vyake vikasimama. Na mimi papo hapo nikajua nilichokifanya. Mama amezaliwa katika nyumba ile. Anajua kutoka baraza ile mtu anaona nini. Alikwishajua, tangu alipotia vidole majini, bahari ya Jumanne ilikuwaje, na hakuna mtu aliyelala pale siku ile, tena Mtumbatu, ambaye angetamka maneno hayo. Kama nimelazimika kumtungia hayo, basi aliyoyasema kweli hayasemeki.

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo, mama."

Nilimsikia jirani wa chini akikuna nazi. "Alhamdulillahi," akasema, akarudi kwenye mchele. Akatoa chuya moja, akaiweka pembeni, akatoa nyengine. "Na lako wewe neno gani?"

Sikuweza. Kumwomba radhi ningemlazimisha aseme kwamba bahari haikuchafuka, na hapo lile langu la kutunga lingebomoka, na nyuma yake lingetokea lile la barazani.

"Nishalisahau," nikamwambia.

"Ukilikumbuka utanambia." Akalisogeza sinia kwenye mwanga wa dirisha. Macho yake yalikuwa yamejaa, na bado aliendelea kuchagua, sijui alikuwa anaona nini. Baada ya muda akasema, "Nisomee bahari ya kesho."

"Ya wapi, mama?"

"Ya Mkokotoni."

Sikuhitaji kufungua simu, nilishaisoma tangu alfajiri.

"Imetulia," nikamwambia.